Uji wa Mikidadi Mshona Kofia

"Humwendei na mawaidha, Maalimu! Mgonjwa hapelekewi mawaidha!"

"Mgonjwa gani, Bi Ruwaida? Mtu ametaka kuitoa roho aliyopewa na Mola wake, nawe unamwita mgonjwa?"

"Wewe ukipata mafua tu, mtaa mzima tunakesha. Chukua uji huu. Akiumaliza, ndipo useme."

"Asipokula?"

"Utakaa, mume wangu. Una haraka ya kwenda wapi?"

Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba ndivyo walivyozozana Maalimu Shuaibu na mkewe, Mwenyezi Mungu awarehemu. Katika mji wao mgonjwa hakukosa wageni. Lakini kwa Mikidadi, mshona kofia, ambaye majirani walimwahi akiwa hai, siku tano zilipita bila mtu kubisha hodi. Wengine waliona haya, wengine waliogopa.

Maalimu akaenda, bakuli mkononi, maneno makali kifuani. Mikidadi akala kijiko kimoja, kisha cha pili. Maalimu akangoja, ulimi ukimwasha. Kwenye kijiko cha nne Mikidadi akaanza mwenyewe:

"Sikupenda kufa, Maalimu. Nilitaka maumivu yakome. Hayana kidonda, ningemwonyesha nani? Nikiwatazama wanangu, naona kabisa kwamba nikiondoka watapumua. Siku ile sikuona njia nyingine."

"Na sasa?"

"Yanakuja, yanaondoka."

Maalimu akatazama chini. Angeweza kujifanya amekuja kwa huruma tangu mwanzo, lakini alimcha Mungu.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuja kukukaripia. Mwaka mzima nakuswalisha, na sikuona unavyokonda."

Mikidadi akalia, na Maalimu akalia naye. Kisha akamwita tabibu, akawapangia majirani zamu ili asibaki peke yake, na kila siku baada ya alasiri akaja mwenyewe, akakaa naye mkekani. Siku nyingine hawakusema neno.

Ndugu zangu, aliyefika huko hakuidharau neema ya Mungu. Maumivu yamemfunika macho, hata wanaompenda anawaona kama watu aliowalemea. Tumwendee upesi kama tunavyomwendea mwenye homa, na tumsikilize kabla ya kumfundisha.

Wanasema siku ya arubaini Maalimu alipoaga, Mikidadi aliinuka kwa mara ya kwanza kumsindikiza. Walipofika mlangoni akamshika mkono, akamwambia:

"Kesho usichelewe, Maalimu. Nataka kukupima kichwa. Kofia hiyo inatutia aibu msikitini."