Jicho Halinunui Spika

"Jicho halinunui spika." Ndivyo alivyowajibu mama yenu mliposema mmempata mshereheshaji wa harusi kwa kuwa suti yake inang'aa. Mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Kaeni. Limetoka katika nyumba hii hii, hapa Muheza, na aliyelisema ni dada yangu Namweli.

Namweli alikuwa mtunga mashairi. Binti yetu Mwajabu alipoolewa, yeye kama shangazi ndiye aliyesimama kumwaga kwa wasia, kama ilivyo desturi. Lakini siku ile jenereta lilinguruma nyuma ya turubai, na hakuna aliyesikia hata beti moja. Tangu hapo Bi Semeni, mama mkwe, akapata fimbo. Mwajabu akikosea chumvi, "Hukuagwa wewe!" Akichelewa sokoni, "Ulitupwa, hukuagwa!" Binti akakonda.

Bahati nzuri, mpiga video alikuwa amebana kinasa sauti kwenye mtandio wa Namweli, na maneno yote yalikuwamo. Basi tukawaalika wakwe waje kuitazama harusi. Mtoto wa kaka yetu, Sechonge, akaandaa kompyuta na projekta hapa sebuleni, picha ikatua ukutani kubwa kama mlango. Zikabaki spika tu. Akaenda dukani na Namweli, nami nikafuatana nao.

Sechonge alisimama mbele ya spika ndefu kama kabati, zenye taa za rangi. Muuzaji akafungulia muziki, vioo vya duka vikatetemeka.

"Shangazi, umeona? Taa zenyewe zinacheza!"

"Kwani nimekuja kununua mapambo ya maulidi?" Namweli akatoa flashi kwenye pindo la khanga, akamgeukia muuzaji. "Baba, zima ngoma yako. Niwekee hii."

Sauti yake ikatoka kwenye lile kabati. Ilivuma kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Hukujua anaaga au anagomba. Namweli akafumba macho, akatikisa kichwa. "Nyingine." Muuzaji akaunganisha ya pili, ya tatu, naye Namweli akatikisa kichwa vile vile. Mwishowe zikaja spika mbili fupi za mbao, rangi imebanduka. Hapo midomo ya Namweli ikaanza kufuata maneno yake mwenyewe, neno kwa neno.

"Hizi."

"Shangazi!" Sechonge alishika kichwa. "Wakwe watatucheka!"

"Wakicheka, tutawaacha wacheke. Wakisikia, watanyamaza wenyewe. Jicho halinunui spika, mwanangu. Beba."

Kweli walicheka. Bi Semeni aliketi mbele kabisa, akazitazama zile spika, akamgusa jirani yake. "Hizi ndizo? Au ni viti vya kukalia watoto?" Mwajabu aliinamisha uso. Sechonge naye alijificha nyuma ya pazia, akabofya.

Picha ikafika pale Namweli anaposimama. Jenereta lilisikika kwa mbali, kama nyuki. Kisha sauti ikajaa sebuleni, kavu, safi, kila herufi mahali pake:

*Nenda mwanangu kapende, lakini usinyamaze,*
*Heshima yao ilinde, na yako usipoteze.*

Beti zilishuka moja baada ya nyingine, na Mwajabu aliinua uso taratibu, mpaka akawa anamtazama mama mkwe wake machoni. Beti ya mwisho ilipokwisha, sote tulimgeukia Bi Semeni.

"Rudisheni nyuma," akasema.

Ikarudishwa. Akaisikiliza yote tena, kisha akainuka, akavua khanga yake ya juu, akamfunika Mwajabu mabegani.

"Umeagwa, mwanangu. Tena umeagwa kuliko nilivyoagwa mimi. Atakayesema vinginevyo, aje kwangu!"

Vigelegele vilipasua nyumba! Sechonge akachomoka nyuma ya pazia akipiga kelele, "Jicho halinunui spika!" kana kwamba yeye ndiye aliyezichagua. Namweli akamrushia kofia yake ya ukili. Bi Semeni akalichukua neno, akalipeleka kwao, na kabla ya Idi mji mzima ulikuwa nalo.

Basi huyo bwana wenu wa suti mleteni hapa, ashike kipaza sauti, anene. Nanyi mfumbe macho. Jicho halinunui spika.