Sauti Iliyofunikwa na Gitaa

Wapendwa, hebu nipeni masikio kidogo. Palikuwa na kijana mmoja aliyependa muziki wa roki kuliko chakula. Akarekodi wimbo wake nyumbani, chumbani kwake, godoro kaliegemeza dirishani ili kelele za nje zisiingie. Gitaa alipiga mwenyewe, besi mwenyewe, ngoma akazipanga kwenye kompyuta. Kuimba akamwachia mdogo wake wa kike.

Ikabaki kazi ya kuzichanganya zile sauti, kila chombo kipate kiasi chake. Gitaa halisikiki vizuri? Akalipandisha. Ngoma zikamezwa, akazipandisha. Besi ikapotea, nayo akaipandisha. Mwishowe spika zikawa zinakoroma, na yule dada hasikiki hata neno.

Akamwita. "Njoo urudie kuimba, safari hii kwa nguvu."

"Kaka, nguvu zangu ndizo hizo," akajibu, akarudi jikoni.

Kijana akashangaa. Mbona alipoimba peke yake alisikika? Akajiuliza: je, nikishusha badala ya kupandisha? Akashusha ngoma. Akashusha besi. Gitaa lake, hapo roho ilimuuma, lakini akalishusha pia. Sauti ya dada ikaanza kutokeza, neno moja moja. Alifurahi huyo! Wimbo ulipofika ubeti wa pili, akausimamisha. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena.

Mnajua alisikia nini? "Ninaumwa, na hakuna anayeniuliza." Maneno hayo hayakuwamo katika wimbo alioandika.

Akatoka mbio hadi jikoni. "Yale maneno sikuandika mimi!"

"Najua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia, kaka, siku zote hizi. Unanijibu nisubiri kwanza umalize wimbo."

Jioni ileile walikuwa hospitali. Kifua. Daktari akasema amewahishwa, atapona. Na kweli alipona. Lakini yule kijana alilia pale kwenye benchi, maana wimbo ule alikuwa ameusikiliza wiki nzima.

Sasa najiuliza, na ninyi mjiulize: nani anaimba chini ya gitaa letu? Sisi tunawaambia wake zetu, "Sema wazi!" Tunawaambia watoto, "Ongea kwa sauti!" Hata Mungu tunamwomba apaze sauti, na kumbe mkono wetu wenyewe ndio unaopandisha kelele.

Leo ukifika nyumbani, kaa karibu na yule aliye kimya kuliko wote. Muulize hali yake. Akikujibu, "Nzuri tu," usinyanyuke.