Mtoto Aliyeitwa Springi

Asiyeniamini anyanyuke sasa aende zake, nipate nafasi ya kunyoosha miguu. Shule niliiacha darasa la tano, ila hadithi hii hata mwalimu mkuu haiwezi kama mimi. Mmebaki? Haya, kaeni vizuri.

Hapo zamani, wala si zamani sana, juu kwenye milima ya Upare, mwanamke aitwaye Nakunda alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Zahanati ilikuwa chini, ng'ambo ya korongo. Jirani yake, fundi Senzia, akampakia kwenye pikapu yake kuukuu. Mama Naetwe akapanda ili amshike mkono. Mrindoko, kijana wa miguu mirefu, akaning'inia nyuma, asukume pakibidi.

Hawajafika mbali, springi ya nyuma ikakatika. Pikapu ikalala upande kama ng'ombe mgonjwa. Senzia akashuka na panga. Akakata mti, akachonga gogo, akalikaza pale kwa mipira ya tairi, gari likatambaa. Kila shimo Nakunda alisikia chuma kikilia chini yake, na Senzia naye akiguna, maana alijua fremu ndiyo inapasuka.

Mbele kidogo injini ikachemka, na Nakunda midomo ikamkauka. Kiangazi kilikuwa kimemaliza kila kijito. Mama Naetwe akashuka, akapotelea nyuma ya mwamba, akarudi na ndoo imejaa. Kumbe alikuwa na chemchemi yake ya siri, ya kunyweshea miche yake ya kabichi! Siku ile siri ikatoka. Juma halijaisha, mbuzi wa kijiji kizima wakaivuruga ikawa tope.

Wakafika korongoni. Daraja la magogo limeliwa na mchwa, limeanguka. Nakunda akasema hawezi tena. Mrindoko akarudi nyuma, akakimbia, akaruka. Akatua ng'ambo, kifundo cha mguu kikalia ko. Akaenda hivyo hivyo akichechemea, akarudi na mkunga na watu wenye ngazi ya kuvukia. Mtoto akazaliwa mle mle ndani ya pikapu. Na mtoto mwenyewe, jamani, mzuri kupindukia. Tuendelee.

Kijijini kwao kuna desturi. Mtoto wa kwanza hupewa jina la kumkumbuka mtu aliyemfikisha duniani salama. Huyo ndiye somo wake, na somo ni mmoja tu. Babu wa mtoto humwachia somo zamu yake ya maji: kiangazi hicho ndiye wa kwanza kufungua ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji. Wa kwanza huvuna maharage. Wa mwisho huvuna nyufa.

Nakunda akawatazama wale watatu. Mashamba yao yote yalikuwa yamekauka. Akaona akimtaja mmoja, amewalaza wawili na njaa. Basi akakumbuka zamani alipopikia Wazungu kwenye nyumba ya wageni, akaokota maneno yao. Akamwambia baba mkwe wake, mzee Mchome, "Baba, mtoto ataitwa Springi."

Akafafanua. Kile chuma cha gari, kwao ni springi. Chemchemi nayo ni springi. Mtu akiruka, ni springi hiyo hiyo. Hata majira yao miti ikichipua, springi.

Mzee Mchome akatafuna neno lile kwa meno yake machache. "Neno moja, kazi nne? Hilo ni kama sufuria ya kapera, humo ugali, humo chai, humo maji ya kuogea. Haya, jina nimelipenda. Sasa somo ni nani?"

Nakunda akamwinamia mtoto wake. Alidhani ameshamaliza kesi.

Senzia akasema, "Bila gogo langu, mngekuwa bado kwenye kona. Na gari langu halikuamka tena."

Mama Naetwe akasema, "Bila maji yangu, gogo lako lingebeba maiti. Leo nateka maji ya kupikia kule kule wanakojisaidia mbuzi."

Mrindoko akasema, "Bila mguu wangu, mkunga angekuwa bado anapepeta mchele wake. Na mguu ndio huu, mama, utazame."

Mzee akayagawa maji mafungu matatu. Maharage ya wote watatu yakachanua, na ya wote watatu hayakuzaa. Mzee akasema, "Tumegawana njaa. Mtoto akikua amtaje mwenyewe, na atakayemtaja atafungua ndiva kwanza maisha yake yote."

Mtoto akakua, akazidi uzuri. Pikapu ya Senzia sasa ni banda la kuku. Mama Naetwe bado anateka maji yenye tope la mbuzi. Mrindoko anachechemea mpaka leo. Na kiangazi kimerudi, kikali kuliko kile.

Je, nani alistahili? Aliyeacha gari lake, aliyeacha maji yake, au aliyeacha mguu wake?

Semeni basi, msinitumbulie macho. Kuna kipande nimewaficha: huyo Springi ni mimi. Kesho asubuhi ndiva inafunguliwa, watatu wale watakuwa pale na majembe begani, na mimi mwenye mdomo wote huu sijui nitasema nini.