Ng'ombe wa Mjane na Ngome Tatu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Semeni pakawa ngome tatu na ng'ombe mmoja, halafu sogeeni kwenye moto, maana ninakowapeleka kuna baridi mpaka maziwa yanaganda.

Hapo kale, huko Uswisi milimani, palikuwa na kijiji kinaitwa Rietmatt. Kijiji chenyewe kiduchu, ukipiga chafya umekimaliza. Lakini kilikuwa na ngome tatu za mawe. Moja juu, moja katikati, moja chini mtoni. Mwenye kijiji alikuwa bwana mmoja, akafa, wanawe watatu kila mtu akajijengea yake. Kijiji sasa ni cha nani? Hapo ndo walipochemka. Hawakugawana.

Na kule kulikuwa na mila. Mwanakijiji akifa, bwana wake anachukua ng'ombe wake bora. Yaani rambirambi anatoa mfiwa. Mimi mwenyewe sikuielewa, lakini ndo ilikuwa hivyo.

Basi akafa Ueli, mchunga ng'ombe. Akamwacha mkewe Verena, watoto, na ng'ombe mmoja tu, Bruni. Bruni akiondoka hakuna maziwa, hakuna jibini, na theluji inakuja.

Akaja mtu wa Bwana wa Juu. "Hodi. Pole na msiba, mama. Ng'ombe yuko wapi?"

Verena akafunga kamba, akamkabidhi.

Hawajafika mlangoni, akaja mtu wa Bwana wa Kati. "Hodi. Pole na msiba, mama. Ng'ombe yuko wapi?" Akashika pembe.

Akaja na mtu wa Bwana wa Chini. "Hodi. Pole na msiba, mama. Ng'ombe yuko wapi?" Akashika mkia.

Huyu vuta, huyu vuta, huyu vuta.

Bruni akasema, "Oya, taratibu. Mkia huo umeota huko, haukufungwa. Kwani mimi wa nani?"

Kila mtu akataja bwana wake. Verena akaingia katikati yao. Akasema, "Tukawaulize wenyewe."

Wakapanda kwa Bwana wa Juu. Verena akasema, "Bwana, sikatai, ng'ombe huyu hapa. Ila sina mwingine. Waite ndugu zako, mniambie pamoja bwana wangu nani, nisije nikadaiwa tena."

"Bwana wako mimi. Waje wao huku."

Wakashuka kwa Bwana wa Kati. Maneno yale yale.

"Bwana wako mimi. Waje wao huku."

Wakashuka kwa Bwana wa Chini. Maneno yale yale.

"Bwana wako mimi. Waje wao huku."

Unaona sasa. Kwao, anayeingia ngome ya mwenzake amekubali kuwa mdogo wake. Hakuna aliyetaka kuonekana mdogo. Na ng'ombe akae kwa nani wakati wanasubiriana? Kwa Juu, Kati hataki. Kwa Kati, Chini hataki. Kwa Chini, wote hawataki.

"Basi akae kwa mjane kwa muda," wakasema, kila mmoja kupitia mtu wake.

Theluji ikaja, Verena akakamua. Ikayeyuka, akakamua. Mabwana wakawa wanazozana kila mtu juu ya ukuta wake, upepo unabeba maneno, hamna anayemsikia mwenzie. Wakazeeka hivyo hivyo. Wakafa hivyo hivyo. Watoto wao wakahamia mijini, mapaa yakaanguka, majani yakaota sebuleni.

Siku moja Bruni akapanda ngome ya juu. "Hodi. Bwana yupo?" Kimya. Akala majani. Akashuka ya kati. "Hodi. Bwana yupo?" Kimya. Akala. Akashuka ya chini. "Hodi. Bwana yupo?" Kimya. Akala mpaka akashiba. Usiniulize ng'ombe anaishi miaka mingapi, huyu ni wa hadithi.

Jioni akarudi zizini. "Mama Verena, kwani bwana wetu alikuwa nani?"

Verena, bibi kizee sasa, akavuta kigoda. "Mpaka leo sijui, mwanangu. Tulia nikukamue."

Ndo hivyo, jamani. Mabwana wakizidi, ng'ombe hubaki kwa mkamuaji.

Hadithi nimeiingiza zizini, mlango nimeufunga. Anayemjua bwana wa Rietmatt aje afungue. Asiyemjua alete kuni, moto unakufa na mimi ndo niliyekaa mbali.