Digidigi wa Banda la Nankoma

"Picha haina ulimi." Mmeisikia leo, vijana, mkauliza imetoka wapi. Imetoka Masasi, katika ugomvi wa mume na mke, nasi tunauingia ukiwa umeshachemka.

Somoe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akimwambia mumewe kwamba katuni ile imemharibia mtoto. Mumewe, Mkwinda, fundi baiskeli, alijibu bila kuinuka kwenye kigoda kwamba kweli imemharibu, ila si kwa namna anayosema yeye. Hapo ndipo walipokwama tangu asubuhi. Wote wawili waliichukia katuni moja, na kila mmoja alikuwa na sababu iliyoipinga sababu ya mwenzake.

Katuni yenyewe ilikuwa ya digidigi jike aliyetaka kurithi kiti cha baba yake, mtawala wa msitu. Ilitoka nchi ya mbali, na lugha yake hakuna mtu mtaani aliyeijua. Ilionyeshwa katika banda la video la Nankoma. Yeye, kama wenye mabanda wengi wa siku hizo, alikaa pembeni na kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu na kutafsiri kila kilichosemwa. Watu walimpenda. Akimwigiza fisi, watoto walianguka kwenye mabenchi kwa kicheko.

Somoe aliiona Jumamosi pamoja na binti yao, Asumini, wa darasa la sita. Kwa masikio yake alimsikia yule digidigi akisema mwishoni kwamba mwanamke mwenye adabu hashindani na kaka yake, kiti ni cha kaka, yeye anarudi zake jikoni. Asumini alikuwa amejiandikisha kugombea ukiranja mkuu wa shule. Jumatatu alikwenda kwa Mwalimu Chilumba, akaomba jina lake lifutwe. Sasa ilikuwa Jumapili, na kura zilikuwa zinapigwa kesho yake asubuhi.

Mkwinda aliiona Jumatano. Alichosikia yeye ni digidigi akiwaambia madume wa msitu kwamba zama zao zimekwisha, waende wakachote maji. Hotuba ya Asumini ya kuomba kura alikuwa ameiandika naye, usiku mbili nzima, lakini tangu Jumatano alisema afadhali mtoto amejitoa, asije akaota pembe kama yule mnyama. Somoe akamwambia hiyo katuni yake ameiota. Mkwinda akamwambia yeye ndiye aliyesinzia.

"Basi vaa viatu," Somoe alisema. "Leo saa kumi anaonyeshwa tena. Twende sote tukamsikie."

Walikwenda watatu. Banda lilikuwa limejaa, na Mwalimu Chilumba alikuwamo na wanawe. Nankoma alipowaona Somoe na Mkwinda wakiingia bega kwa bega, sauti ilimshuka. Siku hiyo tafsiri yake ilikuwa baridi kama uji wa jana. Digidigi alipofika kwenye jiwe la mwisho, akafungua mdomo mbele ya wanyama wote, Nankoma alisita, kisha akasema kwamba anasema msitu wao ni mzuri sana.

Somoe akasimama.

"Nankoma, Jumamosi huyu alisema anarudi jikoni."

"Alisema, dada."

"Jumatano akatutuma maji," Mkwinda akadakia.

"Hilo nalo alisema, shemeji."

"Na leo anasifu msitu. Hii lugha unaijua wewe?"

Nankoma akajikuna kichwa kwa kipaza, kikakwaruza banda zima. "Sijui hata salamu yake," alisema. "Jumamosi petroli ya jenereta ililetwa na yule bwana anayegombea udiwani. Jumatano ikaletwa na yule mama anayeshindana naye. Leo nimejaza mwenyewe, sina wa kumsemea. Picha haina ulimi, dada. Ulimi ni wa mwenye kipaza."

Watu walicheka, wengine wakaguna. Somoe hakucheka. Alipita katikati ya magoti ya watu, akamnyang'anya kipaza na kumwamuru arudishe nyuma. Digidigi alipotokea tena chini ya jiwe, Somoe akaanza kutafsiri yeye.

"Anasema, wasichana wote wa Masasi, kagombeeni, na mwanamume atakayewazuia—"

"Mama Asumini," Mkwinda alisema taratibu, "na wewe petroli umeletewa na nani?"

Banda lilingoja, maana Somoe hakuwa mtu wa kukosa jibu. Alikitazama kile kipaza kama mtu aliyejikuta ametoka msibani na kandambili za mwenzake. Kisha alikiweka chini, akamwambia Nankoma azime sauti yote, aianze sehemu hiyo upya na asiseme neno. Akarudi kukaa karibu na mumewe.

Picha ikaenda kimya. Digidigi alipanda jiwe huku magoti yakimtetemeka. Aliteleza. Kaka yake akaja nyuma, akamsukuma juu kwa paji la uso, naye dada akapanda tena hadi kileleni, akakaa. Wanyama wakasogea. Kaka akajilaza chini ya jiwe, akatafuna majani. Hakuna aliyekwenda jikoni, wala hakuna aliyechota maji.

Somoe alimtazama binti yake. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza, na kwake hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kuzaa. Mkwinda naye alitaka kusema kitu, akakanyagwa mguu.

Asumini akainuka. Alipita hadi kwenye benchi la Mwalimu Chilumba, akasimama mikono nyuma.

"Mwalimu, naomba jina langu lirudi."

Mwalimu akamgeukia. "Umeona nini?"

"Aliogopa, lakini alipanda."

Orodha ya wagombea ilikuwa mfukoni mwa shati la Mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye angeisoma kesho mstarini. Aliikunjua juu ya goti, akajipapasa kutafuta kalamu. Mkwinda alikuwa ameshaitoa yake kabla hajaombwa. Mwalimu hakuandika. Alimpa Asumini karatasi, na Asumini akaliandika jina lake mwenyewe, la kwake, la baba na la babu, kwa herufi kubwa, watu wakimpisha mwanga.

Nankoma akauliza kama sasa anaweza kuendelea kutafsiri. Akajibiwa na watoto wa benchi la mbele, kwa pamoja, kama waliokuwa wamefundishwa: picha haina ulimi, ulimi ni wa mwenye kipaza.