Kinu cha Marehemu Shaame

Paukwa! Itikieni, wajukuu zangu: pakawa! Tena kwa sauti, maana hiki si kisa cha sungura, ni kisa cha shukrani.

Mmeniuliza kwa nini kila tukikamua simsim kikombe cha kwanza kinakwenda nyumba ya pili, kwa mzee yule ambaye hata salamu anaitikia kwa kuguna. Haya, kaeni. Na wewe, toa mguu wako kwenye mkeka.

Kale hiyo, enzi ambazo mtu akisema amesema, alikuwako mkamuaji mafuta akiitwa Shaame. Alikuwa na kinu na ngamia. Asubuhi humfunga ngamia macho, akamtia kinuni: ngamia akazunguka, kinu kikalia, mafuta yakachuruzika. Jirani yake, Mbarouk, naye alikuwa na kinu na ngamia. Walipendana? Thubutu! Siku moja ngamia wa Shaame alikula makuti ya paa la Mbarouk, na tangu hapo hawakusemezana. Watu wazima na ndevu zao, wamenuniana kwa sababu ya makuti!

Shaame akaugua. Alipoona safari imewadia, akaita mashahidi. "Wasii wangu ni Mbarouk," akasema. "Yeye atasimamia mali yangu mpaka kila mwenye haki apate haki yake."

Mdogo wake, Vuai, akaruka. "Mbarouk? Huyu adui yako?"

"Ananichukia waziwazi, lakini hajapata kumpunja mtu kibaba. Wewe wanipenda, ndugu yangu, ila una fungu lako humu."

Akafa, Mungu amrehemu.

Sasa tegeni masikio. Shaame hakuacha mtoto. Aliacha mke, Bi Zena, na Bi Zena alikuwa na mimba changa. Kwa sheria ya mirathi, kama hakuna mtoto, mke anachukua robo na Vuai anachukua yote yaliyobaki. Akizaliwa mwanamume, Vuai hapati hata kamba ya ngamia. Basi Vuai atangoja? Matanga hayajaisha, yuko kwa kadhi.

"Kadhi, mali igawiwe leo! Aliye tumboni si mtu bado. Na huenda hata si mimba!"

Bi Zena akalia. Alijua mali ikigawiwa siku ile, mwanawe atazaliwa akute ngamia ameuzwa na kinu kimechanjwa kuni.

"Wasii wasemaje?" akauliza kadhi.

Mbarouk akakuna ndevu. "Mimi nimewekwa kulinda haki za watu. Huyu ni mtu, ila hajafika. Mgeni akiwa njiani, chakula chake hakiliwi."

"Na kinu kitaoza!" akapiga kelele Vuai.

"Hakiozi. Nitakiendesha mimi."

Kadhi akaamua: mali isiguswe mpaka Bi Zena ajifungue.

Basi Mbarouk akawa akimaliza kazi kwake, huenda kwa marehemu: ngamia akazunguka, kinu kikalia, mafuta yakachuruzika. Mafuta ya huku mtungi wake, ya kule mtungi wake. Na Vuai kila siku yuko uani, anachungulia, anatafuta kosa.

Mara ngamia wa Mbarouk akafa. Vuai akasema moyoni, leo nimemkamata! Majirani nao wakamnong'oneza Mbarouk: "Tia japo pakacha moja la simsim yako kwenye kinu cha marehemu. Nani atajua?"

Mbarouk akang'aka. "Ngamia huyu ana mwenyewe!"

Kinu chake kikanyamaza. Wanawe wakala muhogo mkavu. Na kwa marehemu, wajukuu zangu? Semeni nanyi! Ngamia akazunguka, kinu kikalia, mafuta yakachuruzika. Vuai akayaona yote hayo, akaenda zake.

Bi Zena akajifungua mtoto wa kike. Kadhi akagawa: nusu ya mtoto, thumni, yaani fungu moja katika manane, ya mama, kilichobaki cha Vuai. Mbarouk akaipanga mitungi. "Vuai, fungu lako hili. Lihakiki."

Vuai akalia mbele za watu. "Sihakiki kitu. Fungu langu libaki kinuni, mwanangu huyu akue nalo. Nilikuwa nakuvizia, Bwana Mbarouk. Ahsante."

"Sikufanya kwa ajili yako," akasema Mbarouk. "Wala ya Shaame. Makuti yangu hajalipa mpaka leo!"

Bi Zena akacheka huku analia. Akachota kikombe cha mafuta. "Hiki ni chako, na cha kizazi chako. Na simsim yako ilete, sasa wenyewe tumeridhia." Mbarouk akakipokea, akaguna.

Mtoto yule ndiye aliyemzaa mama yangu. Alikulia kinuni pale, akaolewa kwa heshima kinuni pale, na sisi sote tumekula kwa kinu kile. Nami namshukuru Mbarouk, mtu ambaye sikumwona, namshukuru kila nikisikia harufu ya simsim. Kwa hiyo kumbukeni: wa kumwachia mali si yule akupendaye sana, ni yule asiyekula cha asiyeweza kusema.

Mzee wa nyumba ya pili ni kitukuu wa Mbarouk. Haya, chukueni kikombe, msimwage. Akiguna, semeni ahsante.

Kisa changu kimefika mwisho. Kikiwa kitamu, kigawaneni sawasawa. Kikiwa kichungu, fungu hilo niachieni mimi.