Daftari la Tupokigwe

Daftari likijaa, msikilizaji keshaondoka. Vijana walimsikia Bibi Subilaga akimwambia hivyo mjukuu wake Gwakisa, aliyekuwa akichana barua ya tatu ya kumwomba baba yake radhi, wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Bibi akaweka chini ungo wa maharage, akasema mwanzo wake ulikuwa huu.

Hapa Tukuyu aliishi mjane mmoja, Tupokigwe, mwenye mtoto mmoja tu, Lugano. Lugano alikwenda kufanya kazi Ghana, akaoa huko, na baada ya miaka sita akarudishwa ndani ya jeneza. Aliyelileta jeneza ni mkewe, Esi. Esi hakujua Kiswahili, Tupokigwe hakujua Kiingereza. Baada ya mazishi wakabaki wawili nyumba moja, wakipakuliana ndizi na kutazamana.

Tupokigwe alikuwa na neno moja kwa mkwewe: kaa, hapa ni kwako. Alimpenda, na aliogopa mno kubaki peke yake. Sekela, muuguzi jirani, alijitolea kutafsiri, lakini Tupokigwe alikataa.

"Neno kama hili halitumwi mtu, mwanangu. Nitalisema mwenyewe."

Basi akajiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima la Mwalimu Mwakalobo, kila alasiri. Mwalimu alianza na wakati uliopo. Alisema una mambo ya mazoea, mambo yanayoendelea sasa hivi, na mambo yaliyokwisha lakini bado yametukalia. Tupokigwe aliyaelewa yote kwa kumfikiria mkwewe. Esi hulia kila asubuhi. Esi analia. Esi amelia, macho yamevimba. Aliiandika mifano hiyo kwa mwandiko safi, na darasani hakuna aliyempita.

Lakini darasa lile lilikuwa na desturi mbaya. Aliyekosea kutamka alisimamishwa mbele ya wenzake mpaka mwingine akosee. Siku ya pili Tupokigwe, mama mzima mwenye msiba, alisimama karibu saa nzima. Tangu hapo akaapa hatafungua kinywa nyumbani mpaka daftari lijae na kila ukurasa utiwe alama ya vema. Esi akimsalimu, yeye huinama tu. Esi akimwuliza kitu, yeye hukimbilia jikoni.

Daftari lilijaa siku ya Ijumaa. Alipanda kilima mvua ikinyesha, daftari amelifunga ndani ya khanga, akilirudiarudia neno lake. Mlangoni akamkuta Sekela ameshika ufunguo wa chumba cha Esi.

"Mkweo ameondoka na basi la saa nane, mama."

"Ameondoka? Amesema nini?"

Sekela akampa ufunguo. "Amesema hakulaumu. Mama aliyefiwa ana haki ya kumchukia aliyeshindwa kumtunza mwanawe. Ameona humsemeshi, akajua humtaki."

"Sikumchukia hata siku moja."

"Mimi najua, mama, lakini ulikataa nimwambie. Yeye ndiye hakujua."

Tupokigwe aliketi kizingitini, akalisema neno lake kwa Kiingereza, kwa sauti, mbele ya chumba kitupu. Sekela alisimulia baadaye kwamba alikosea mahali pawili, na kwamba hata mtoto mdogo angemwelewa. Barua mbili zilitumwa Ghana. Zote zilirudi hazijafunguliwa. Tupokigwe alipokufa, alizikwa na majirani tu.

Bibi Subilaga akauchukua tena ungo wake. Gwakisa alikuwa ameshika vipande vya barua.

"Baba yako yuko nyumbani leo," Bibi alimwambia. "Nenda na makosa yako hivyo hivyo. Daftari likijaa, msikilizaji keshaondoka."